Vile mnaweza kufanya kumbukumbu ya Padre Kaiser hapo jumuiyani kwenu, isigeuke mkutano wa siasa

Kila mwaka ikifika Julai simu yangu inaanza kulia, katekista tunataka kufanya kitu ya Father Kaiser tarehe 24 Agosti, tuanzie wapi, mishumaa tununue ngapi, tishati zichapishwe wapi. Nimesaidia kupanga hizi kumbukumbu miaka kadhaa sasa, zingine zilienda vizuri na zingine zilituaibisha mbaya sana, kwa hivyo naandika hapa mara moja tu, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwa wale hawamjui, haraka haraka. John Anthony Kaiser alizaliwa Minnesota, Marekani, 1932, akapitia jeshi kwanza, halafu akaingia kwa Wamisionari wa Mill Hill na kuletwa Kenya 1964. Alikaa Kisii miaka mingi mpaka lugha ikamwingia, baadaye akahamia jimbo la Ngong. Huko ndiko mambo yalikuwa moto. Oktoba 1993 watu walifurushwa Enoosupukia, huko Narok, wengine wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakaishia kambi ya Maela, na yeye akatumwa kukaa nao. Desemba 1994, karibu na Krismasi, serikali ikavunja ile kambi, watu wakapakiwa kwa malori usiku wakaenda kumwagwa mkoa wa Kati kama mchanga wa kujengea. Padre alipokataa akaondolewa kwa nguvu. Ilipoundwa Tume ya Akiwumi 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, yeye alienda akasimama mbele yake akataja mawaziri kwa majina, wakati ambao watu wengi walikuwa wanataja hayo majina jikoni tu, mlango umefungwa. Wakajaribu kumnyima kibali cha kukaa nchini, watu wakapiga kelele, akabaki. Mwaka 2000 Chama cha Wanasheria kikampa tuzo ya haki za binadamu. Agosti 24 mwaka huo huo maiti yake ikapatikana kando ya barabara pale makutano ya Morendat, Naivasha, amepigwa risasi kichwani. Alikuwa na miaka 67. Amezikwa Lolgorian, kwa Wamaasai, parokia yake ya mwisho.

Sasa kabla hujakimbia kununua mishumaa, kaa chini ufikirie hili neno shahidi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa watu wawili, yule anayeenda kortini kusema alichoona kwa macho yake, na yule anayeuawa kwa sababu ya imani. Kaiser alikuwa huyo wa kwanza miaka kadhaa kabla watu waanze kumuita huyo wa pili. Kwa hivyo mimi huwa nawaambia wale wananipigia, kama siku yenu haina mtu hata mmoja atakayesimama aseme alichoona, hio mliyofanya ni misa ya kawaida na soda baadaye. Hakuna ubaya, lakini msiseme ni kumbukumbu ya Kaiser.

Jambo la pili ni la kisheria na wengi huliruka. Kanisa halijamtangaza mwenyeheri wala mtakatifu. Wewe kwa sala zako za binafsi nyumbani muombe unavyotaka, hakuna mtu atakuja kukukagua, lakini hadharani kuna mipaka. Hakuna kuweka picha yake altareni, hakuna litania ya "utuombee" misani, hakuna kumchora na mng'ao kichwani. Sisi tulijifunza kwa aibu. Kuna kijana wetu wa kompyuta alitutengenezea posta kubwa, kazi safi kabisa, rangi zimewaka, akaandika juu "Mt. Yohana Kaiser" na akamzungushia duara ya dhahabu kichwani, akatoa hio duara kwa picha ya mtakatifu mwingine. Tukatundika Jumamosi jioni. Asubuhi paroko anafika, anaangalia posta, anatuangalia, hasemi kitu, anaenda kuvaa. Tulishinda robo saa tukibandika karatasi nyeupe juu ya "Mt." na ile duara kwa gundi ya unga, na misa yote hio karatasi ilikuwa inapepea, watoto wanacheka. Andikeni tu "Padre John Kaiser, 1932–2000", inatosha.

Kuhusu misa yenyewe, hapa kuna kitu kizuri ambacho mtu hukosa kama hajafungua kalenda. Tarehe 24 Agosti ni sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo Mtume. Maana yake ni kwamba siku hio husomi misa ya wafu, sikukuu ya mtume inashinda, kwa hivyo msiende kumsumbua paroko avae zambarau. Mnachofanya ni kuandikisha nia ya misa ofisini kwa ajili ya Padre Kaiser, anatajwa kwa nia na kwa maombi ya waamini, basi. Lakini angalia sasa. Rangi ya siku ni nyekundu kwa sababu Bartholomayo mwenyewe alikufa shahidi, mapokeo yanasema alichunwa ngozi akiwa hai. Na Injili ni ile ya Nathanaeli chini ya mtini, Yesu anamuona anakuja anasema huyu ni Mwisraeli kweli kweli, hamna hila ndani yake. Padre yeyote mwenye akili yake akipewa hio Injili na hio nia siku moja hahitaji kutafuta mahubiri mbali. Nimesikia mmoja akihubiri dakika nane tu juu ya "hamna hila", jina la Kaiser akalitaja mara moja, watu wakaelewa yote. Ikiangukia Jumapili kama 2025 basi Jumapili inachukua nafasi, nia inabaki vile vile.

Ushuhuda

Hii ndio sehemu ya kuwekea nguvu, na ndio sehemu watu huifanya vibaya kushinda zote, juu wanafikiri ni kumpa mtu maiki tu.

Tafuteni watu wawili, wakizidi sana watatu. Si lazima wawe walimjua padre. Mnatafuta mtu aliyepitia kile padre alikuwa anakipigania, kufukuzwa kwa shamba, kuchomewa, kunyang'anywa hati, mjane ambaye mashemeji wamemtoa kwa boma. Kila parokia ya Bonde la Ufa inao, wengine wanakaa benchi ya nyuma na hamjawahi kuwauliza. Mwendee mtu nyumbani kwake wiki moja au mbili kabla, nenda na mtu anayemfahamu, kunywa chai, na umsikilize yote bila kumkatiza, hata ikichukua mchana mzima. Mara nyingi hio siku ndio atasema kila kitu na kulia, na siku ya kumbukumbu atasema sehemu ndogo tu akiwa ametulia. Ukimchomoa tu benchi siku hio hio unamfungua kidonda mbele ya watu mia mbili halafu mnaenda kula wali.

Muulize pia kama anakubali kurekodiwa. Usirekodi kwanza ndio uulize baadaye. Kuna watu mpaka sai wanakaa jirani na wale waliowachomea, ile video ikizunguka kwa magrupu ya WhatsApp wewe uko kwako umelala, yeye ndiye analala na wasiwasi.

Mwaka mmoja tulikuwa na mama aliyekuwa msichana mdogo Maela. Nilimwambia kama ana kitu chochote cha wakati huo aje nacho, si lazima. Akaja na sandarusi iliyokunjwa mara nne, ile ya kambi, zamani ilikuwa buluu sasa imekuwa rangi ya majivu, ina matundu pembeni pale kamba zilipita. Akasema hii ndio ilikuwa nyumba yetu, baba aliifunga kiunoni chini ya koti ile usiku malori yalikuja, juu alijua popote watakapotupwa kutakuwa na mvua. Sai naanikia maharagwe. Akaikunjua pale mbele, na kweli kulikuwa na maganda ya maharagwe yamekwama kwa mikunjo, akayapangusa na mkono akicheka kidogo. Aliongea dakika tano hivi. Mimi mahubiri ya mwaka huo siyakumbuki hata neno, lakini hio sandarusi naiona.

Sheria ambayo sisi tunaisoma kwa sauti kabla ya mtu wa kwanza kuongea ni hii: sema yaliyokupata wewe, usiseme kabila. "Walikuja usiku wakachoma" inatosha, kila mtu anajua. Wenye umri wangu mnakumbuka neno madoadoa lilivyotumika miaka ile ya tisini, mtu jirani yako wa miaka ishirini anaamka asubuhi moja ameambiwa wewe ni doa. Hatuwezi kumkumbuka padre kwa kutengeneza madoadoa wengine. Na kama mko upande wa Naivasha au Nakuru na waamini wenu wengi ni Wakikuyu, fanyeni juhudi mwalike jumuiya ya Wamaasai, hata kwaya yao tu ije iimbe. Huyu mzee alitetea waliofukuzwa na Wamaasai fulani, na akaenda kuishi na Wamaasai na kuwatetea mabinti wao pia, wale waliolalamika kwamba wamebakwa na mkubwa mmoja na hakuna aliyetaka kuwasikiliza. Ukimfanya ni wa kabila moja umemzika mara ya pili.

Mtoto mmoja lazima atauliza, na msimfokee, "lakini si walisema alijiua?" Mjibu kwa tarehe. FBI, wapelelezi wa Marekani, walikuja kusaidia uchunguzi, ripoti yao ya 2001 ikasema alijiua. Maaskofu na watu wengi wakakataa. Serikali ilipobadilika, 2003 uchunguzi wa kifo chake ukafunguliwa kortini, ukavuta miaka, na Agosti 2007 hakimu akaamua kwamba aliuawa, hakujiua. Mpaka leo hakuna mtu aliyehukumiwa. Ishia hapo. Usianze kutaja unayemshuku ukiwa na maiki ya kanisa mkononi, kwanza unaweza kushtakiwa, pili unampa kila mtu ruhusa ya kutaja wake na mchana umeharibika.

Maiki

Nilisema kumbukumbu zingine zilituaibisha. Mbaya kabisa ni ile tulimpa mwanasiasa mmoja "dakika mbili za salamu" kabla ya ushuhuda. Alichukua dakika arobaini. Alianza na padre kwa sentensi moja, akahamia kisima cha maji, akahamia barabara, akamjibu mpinzani wake ambaye hata hakuwepo. Mzee tuliyekuwa tumemuandaa wiki mbili aliangalia saa, akainuka polepole na fimbo yake, akaenda stejini kwa sababu matatu ya mwisho ya kwao inaondoka saa kumi. Hakurudi mwaka uliofuata na simlaumu.

Sasa tunafanya hivi. Barua ya mwaliko kwa kiongozi yeyote inaandikwa wazi kwamba atakuwa mgeni, atakaa na waamini, hataongea. Wengine hawaji wakisoma hivyo, na hio ni jibu pia. Maiki anashika mama mmoja wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, ambaye haogopi mtu, na waya yake ya spika iko karibu na mguu wake. Nadhani mmenielewa.

Kama mnaenda Morendat

Pale makutano kuna ukumbusho wake, na watu huenda kila mwaka kusali. Ni mahali padogo, kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru, na hio barabara haina huruma, malori yanapita moja baada ya lingine mpaka sauti ya msomaji inapotea. Kwa hivyo mkienda, nendeni asubuhi mapema, watoto wakae upande wa ndani mbali na lami, watu wawili wavae riflekta na kusimama pande zote mbili, na spika ndogo ya betri ibebwe, msitegemee koo la katekista. Masomo yawe mafupi. Gari iwashushe mbali kidogo na mkutano wenu, isiegeshwe pale pale kwa pembe.

Mkitaka kutembea kwa maandamano kutoka parokiani mpaka pale, pelekeni taarifa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwa maandishi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mpeane nakala, mgongewe muhuri, mbaki na yenu. Usiniambie eti ni sala tu. Ikiwa umebeba picha ya mtu aliyeuawa na unatembea barabarani na watu mia tatu, kuna afisa atauliza, na ni rahisi kutoa karatasi mfukoni kuliko kuanza kuelezea Bartholomayo.

Sadaka na ile meza

Chakula kiwe githeri, uji, chai. Mwaka tuliochinja mbuzi pesa yote iliishia hapo na kesho yake tulikuwa na mifupa tu. Sai matoleo ya siku hio tunayaweka kando kwa kazi moja, na kazi hio tunaianza siku hio hio chini ya mti nje ya kanisa, meza moja, viti vinne, watu wa kamati ya Haki na Amani ya parokia na wakili akipatikana wa kujitolea masaa mawili. Mtu yeyote mwenye shida ya shamba anakuja na karatasi zake. Wengi ni kesi za urithi, mume alikufa na shamba bado liko kwa jina la babu, mjane hajui aanzie wapi, hana hata barua ya chifu. Unashangaa vile mtu amekaa miaka kumi na tano akiogopa kitu ambacho hatua ya kwanza ni barua ya chifu na cheti cha kifo. Zile pesa za matoleo zinalipia kuangalia rekodi ya shamba kwa wizara, fotokopi, nauli ya kwenda kortini. Hatuwapei watu pesa mkononi, tunalipa kitu chenyewe, na tunaandika kwa daftari.

Wazee wengine walilalamika kwamba meza ya mashamba siku ya misa inaleta biashara kanisani. Nikawauliza padre alikuwa anafanya nini pale Maela kila siku kama si kuandika majina ya watu na kile walichopoteza. Wakanyamaza, ingawa mmoja bado ananinunia.

Na kama hauko Kenya

Kuna dada aliniandikia kutoka Goma, Kongo, akiuliza kama huu mpango unaweza kufanya kazi kwao. Kwao ni rahisi hata zaidi kwa upande wa liturujia, kwa sababu wana Floribert Bwana Chui, kijana wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, akakataa hongo ili chakula kilichooza kisiingie kuuziwa watu maskini, wakamuua Julai 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri Roma Juni 15, 2025, kwa hivyo kwa jimbo lake picha inaweza kukaa kanisani na jina likaitwa kwa sala bila mtu kukimbia na gundi ya unga. Nilimwambia wasitafute washuhuda wazee. Watafute wale maibobo, watoto wa mtaani, aliokuwa anawasaidia kusoma, sai ni watu wazima, na mtu mmoja wa forodha au wa soko aliyewahi kukataa kitu kidogo aseme ilimgharimu nini. Huyo wa pili ndiye mgumu kupata.

Bukavu wana Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyeuawa Oktoba 29, 1996 vita ilipoingia mjini, baada ya kuwasemea wakimbizi miezi na miezi. Na Oscar Romero wa El Salvador kila mtu anamjua, alipigwa risasi akiwa altareni Machi 24, 1980 kwa kikanisa cha hospitali ya wagonjwa wa kansa, akatangazwa mtakatifu Oktoba 14, 2018, lakini kumbuka tarehe yake mara nyingi inaangukia Kwaresima kwa hivyo pangeni na paroko mapema, na chakula kiwe chepesi. Waanglikana wa Eldoret nao wana Askofu Alexander Muge, Agosti 14, 1990, alikufa kwa ajali ya barabarani akitoka Busia siku chache tu baada ya waziri kumtisha hadharani asikanyage huko. Ni siku kumi kabla ya Kaiser. Sisi na majirani zetu Waanglikana tumeanza kuongea kama tunaweza kupeana ile meza ya mashamba, wao waiweke tarehe 14, sisi tarehe 24, wakili awe mmoja.

Mwisho ni kitabu cha nia pale ofisini. Agosti kinajaa haraka sababu ya harusi na kumbukumbu za familia, na mwaka jana tulichelewa tukapewa misa ya saa kumi na mbili asubuhi, yule mama wa sandarusi alitoka kwake gizani na tochi ya simu. Andikisheni Mei.